Findo, Kimio na Protini za Kinga: Haja ya Istilahi Bayana

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya protini za kinga katika tishu za koo, na kuonyesha jinsi utata wa majina unavyoweza kumdhuru mgonjwa. Suala hili linatuhusu wanafunzi wa Kiswahili. Katika sehemu kama Kimuka, Kaunti ya Kajiado, mzazi anayezungumza Kimaasai na mhudumu wa afya aliyetoka kwingine hukutana katika Kiswahili.

Wazungumzaji wengi hutumia neno mafindofindo kwa tezi za koo na kwa ugonjwa wake pia. Hapa tutaiita tezi findo, na mafindofindo tutayaachia ugonjwa. Mafindo mawili hukaa kandokando ya koo, nyuma ya ulimi. Ni sehemu ya pete ya tishu za kinga aliyoieleza mwanaanatomia Mjerumani, Waldeyer, mwaka 1884. Uso wa findo una vishimo vinavyonasa viini vya maradhi. Limfosaiti B huvitambua, huzaana, na baadhi yake hugeuka kuwa seli zinazotengeneza kingamwili, yaani imunoglobulini. Protini hizi zina umbo la herufi Y na minyororo 4: miwili mizito na miwili myepesi. Kila kingamwili hukamata kilengwa chake mahususi. Katika findo, aina ya G ndiyo nyingi zaidi, ikifuatiwa na A. Zipo pia difensini, protini ndogo zinazotoboa utando wa bakteria wa aina nyingi.

Kimio ni kitu kingine. Katika fonetiki tunakifahamu kama kidakatonge: kimeundwa hasa kwa misuli na tezi za mate, na husaidia kuziba njia ya pua tunapomeza na kutamka. Hata hivyo, katika baadhi ya jamii za Kenya na Tanzania, kikohozi au maumivu ya koo huitwa "kimio", na tiba yake hudhaniwa kuwa ni kukikata. Mtoto hukatwa kiungo kisicho na kosa, akahatarishwa kwa kuvuja damu na pepopunda, ilhali ugonjwa umebaki kwenye findo.

Ikiwa chanzo ni bakteria streptokokasi wa kundi A, kukosa penisilini kwaweza kuzaa homa ya baridi yabisi. Kwa kuwa baadhi ya protini za bakteria hao zinafanana na za moyo, kinga iliyoamshwa dhidi yao huzigeukia vali za moyo na kuziharibu.

Kwa hiyo tunapendekeza kamusi na vitabu vya afya vitenganishe findo, mafindofindo na kimio. Jina linaloifanya tezi kuwa ugonjwa huficha ulinzi wake. Na jina linaloufanya ugonjwa kuwa kimio hukabidhi kisu mahali palipohitaji dawa.