Udongo ya mbele nayo inatembea

Ndani ya shimo, mutu anatazamaka kwanza juu. Dari iko nguvu, mbao iko sawa, basi anaendelea. Lakini ile ukuta ya mbele, pale anapiga chuma, hakuna kitu inaishika. Inajishika yenyewe.

Kolwezi tunajua RAT, ile majiwe ya udongo na talki. Ikiwa kavu, inasimama kama ukuta wa nyumba. Mayi ikiingia, inateleza kama sabuni. Na ukikata kipande cha mbele, uzito wenye kilikuwa kinabeba haupotei: unahamia pembeni na mbele. Udongo unaanza kusogea pole pole kwenye nafasi uliyofungua, hata mbele ya kuona ufa. Ukishindwa, ile ukuta inateleza, na udongo wa juu unafuata. Kama shimo haiko chini sana, inaweza kufunguka mpaka ndani ya lupango ya jirani. Batu ba Kasulo, wenye walichimba chini ya nyumba zao, wananielewa.

Wajenzi wa tunele wanaushika udongo mbele ya kuuchimba. Huko Italia, injenia Pietro Lunardi alisema ukuta ya mbele ndiyo ya kupima kwanza. Kwenye njia ya treni ya mbio ya Bologna na Florence, waliingiza ndani yake fito ndefu za nyuzi za kioo, pamoja na simenti. Juu ya nini si chuma? Fito hizo zinavuta sana, lakini mashine inazikata bila shida ikiendelea. Mbele zibakie fupi, wanaweka zingine.

Mucreuseur hana hiyo. Ana miti yenye kuchongwa ncha, ya kupiga juu ya fremu ya mwisho, ikielekea mbele na juu kidogo. Anachimba chini yake kidogo tu, anasimamisha fremu nyingine wakati ncha zingali ndani ya udongo haujaguswa. Ile inasaidia dari, si ukuta ya mbele. Ukuta, uikate fupi, na uache udongo katikati uegemee kwake.

Mchanga ukidondoka wenyewe, mayi mupya ikitoka, ukuta ikivimba: tokeni, musingoje kumaliza mufuko. PDG anahesabu mifuko, na mbao inalipwa leo, ndiyo maana inachelewaka. Bamama, jioni muulize: leo mbao ngapi iliingia?