Gizenga: toka serikali ya Stanleyville mpaka mikataba ya migodi

Hapa Kisangani kila kijana anajua jina la Lumumba. Lakini ukitaja Antoine Gizenga, wengi wanakumbuka tu ule muzee aliyekuwa waziri mukuu nyuma ya uchaguzi wa 2006. Hawajui kama miaka 46 mbele ya pale aliongoza serikali nzima kutoka hapa kwetu, wakati muji ulikuwa ukiitwa Stanleyville. Sisi watu wa sendika tunapaswa kumujua, sababu mukono wake umegusa mpaka karatasi za migodi.

Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1925, upande wa Kwilu. Hakuwa mutu wa huku, na chama chake, PSA, nguvu yake ilikuwa kule kwao. Uhuru ulipofika 1960, alikuwa naibu wa Lumumba serikalini. Septemba, Kasavubu akamufukuza Lumumba, Mobutu akaingilia na askari, na wafuasi wa Lumumba wakaanza kukimbilia Stanleyville, kwenye alipendwa sana. Gizenga alifika. Lumumba mwenyewe alikuwa njiani, wakamukamata kwenye muto Sankuru, mwanzo wa Desemba. Tarehe 12 ya ule mwezi, Gizenga akatangaza kama serikali ya kweli ya Kongo iko Stanleyville. Jenerali Lundula akashika askari.

Kuko watu wanaelezea ile miezi kama siku za sifa tu. Ni kweli, nyuma ya Lumumba kuuawa, Januari 1961, inchi kama Umoja wa Kisovieti, China, Misri na Ghana zilitambua ile serikali. Lakini kutambuliwa hakuleti mazuti. Léopoldville ilifunga njia ya muto, Sudani ikakataa musaada upite kwake, na sisi tuko mbali na bahari kila upande. Bato isipopanda, bei ndiyo inapanda. Hiyo mama wa soko hahitaji kufundishwa.

Agosti 1961 wakapatana: Adoula akawa waziri mukuu, Gizenga akapewa tena unaibu. Haikudumu. Alirudi Stanleyville, na Januari 1962 akakamatwa, akapelekwa kisiwa cha Bula Bemba, pale muto wetu unamalizikia baharini. Alikaa kule mpaka Julai 1964. Mwezi uliofuata akaanzisha chama cha PALU. Oktoba wakamufunga tena, sasa nyumbani. Mobutu alipochukua inchi, Novemba 1965, akaachiliwa, na haikupita muda akatoka Kongo.

Alikaa inje zaidi ya miaka 25, akipita inchi za Afrika na za Ulaya, Umoja wa Kisovieti ikiwemo. Wengine wanamulaumu: kwa nini hakurudi kupigana pamoja na watu? Waulize habari ya Pierre Mulele, ndugu yake wa PSA, aliyekuwa mujumbe wa serikali ya Stanleyville kule Cairo. Mwaka 1968 Mulele alivuka kutoka Brazzaville, sababu walimuahidi musamaha. Wakamuua ule ule mwaka. Wazee wengine wa Lumumba walirudi, wakapewa viti, wakanyamaza. Gizenga hakukubali. Alirudi Februari 1992 tu, wakati vyama vingi viliruhusiwa. Aliondoka na miaka 40, akarudi na 66.

Uchaguzi wa 2006 alikuwa wa tatu, akaunga mukono Kabila, na tarehe 30 Desemba akaitwa waziri mukuu. Alikuwa na miaka 81. Si yote yalikuwa mazuri: Februari 2007 polisi na askari waliua watu zaidi ya 100 kule Bas-Congo, na yeye alikuwa amekwisha kuitwa waziri mukuu.

Lakini Aprili ule mwaka, waziri wake wa migodi, Martin Kabwelulu wa PALU, aliunda tume ya kupitia mikataba zaidi ya 60, ile ambayo kampuni za serikali zilitia sahihi na wageni wakati wa vita na nyuma ya vita. Tume haikukuta hata mumoja ulio sawa. Mingine ilipaswa kuzungumuzwa upya, mingine kufutwa. Gizenga alijiuzulu Septemba 2008 mambo bado mezani. Tenke Fungurume ilimalizika 2010: sehemu ya Gécamines ikapanda toka 17,5 mpaka 20 kwa mia. Mbili na nusu! Kwa mufanyakazi wa shimo, ile ni kidogo sana, na mushahara wake hata haukuwa ndani ya mazungumuzo.

Muzee alikufa Kinshasa tarehe 24 Februari 2019, akiwa na miaka 93. Tangu dekre ya 20 Mei 2011, kila mukataba wa madini unapaswa kutangazwa ndani ya siku 60. Delege wa sendika ana haki ya kuomba ule wa kampuni yake. Kwa Kifaransa ni kurasa nyingi. Musome kwa kikundi, na muanze na sehemu inayosema nani analipa nini.