Ndege ya Dakika 20 kwenda Dar: Je, Swala Inapunguzwa?

SWALI: Nakaa Mjini Unguja, na kila wiki napanda ndege kwenda Dar es Salaam kibiashara na kurudi siku ile ile. Huwa napunguza Adhuhuri na Alasiri. Mwenzangu ameniambia swala zangu hazisihi kwa sababu ndege inaruka dakika 20 tu. Ni kweli?

JIBU: Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu yangu, mwenzako ameshika dakika, na dakika sizo kipimo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, kinachotazamwa ni masafa. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba anayekata masafa hayo baharini kwa muda mfupi hupunguza vile vile. Ndege ina hukumu hiyo hiyo.

Masafa yenyewe ni marhala mbili, yaani farsakh 16. Wanavyuoni wa leo wanayakadiria kuwa baina ya kilomita 80 na 90. Sasa tupime: kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume hadi uwanja wa Julius Nyerere ni kiasi cha kilomita 73. Hazifiki. Kwa hivyo, kwa madhehebu haya, mtu wa Mjini anayeishia Dar anaswali rakaa nne, na wala hakusanyi.

Lakini safari haihesabiwi kutoka uwanja hadi uwanja. Inahesabiwa kutoka mji wako hadi unakokusudia. Anayetoka Nungwi ana zaidi ya kilomita 50 kabla hajafika uwanjani. Safari yake ya Dar inatimia, na anapunguza tangu anapoyaacha majumba ya Nungwi. Vile vile wa Mjini aliyekusudia Morogoro tangu mwanzo, na wa Pemba aendaye Dar, kiasi cha kilomita 190. Wa Mjini asianze kupunguza uwanjani, kwani uwanja wetu umo ndani ya mji.

Wako wanavyuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, wasioweka kilomita. Kwao, kila ambacho watu wanakiita safari ni safari. Kwa hivyo, ikiwa ulipunguza kwa kufuata fatwa ya mwanachuoni unayemwamini, hatukulazimishi kurudia swala zilizopita. Ikiwa ulipunguza kwa kukisia tu, basi zilipe, ndilo salama kwa dini yako.

Kuanzia leo, kamilisha rakaa nne. Ruhusa ya kupunguza ni sadaka ya Mola wetu kwa msafiri, nasi tuipokee pale alipoiweka.

Wallahu a'lam.