Je, Wajua? Ua la Barazani Lenye Sumu ya Mishale

Sogea karibu, leo nina mambo! Ule mmea mfupi wenye shina nene na maua ya pinki, unaopamba vyungu nje ya nyumba na hoteli kuanzia Mombasa hadi Muscat, ndio waridi la jangwani. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hupika utomvu wake mpaka uwe mzito na mweusi, kisha huupaka kwenye mishale yao. Sumu hiyo humwangusha pundamilia. Nawe umeuweka kando ya mlango wa sebule!

Je, wajua kwamba nyama ya mnyama huyo huliwa, na familia nzima ikashiba? Sumu ya kwenye ncha ya mshale ni kidogo mno, na mwili wa mnyama ni mkubwa. Lakini usije ukadhani jani lenyewe linatafunika. Halitafuniki hata kidogo.

Sumu hii haina habari na misuli wala ubongo kwanza: inakwenda moja kwa moja kwenye moyo. Wataalamu wamechambua takriban kemikali 30 za kushambulia moyo namna hiyo ndani ya mmea huu mmoja. Moyo huanza kupiga polepole, halafu ovyo ovyo, halafu basi.

Sasa shangaa. Kemikali za kundi hilohilo ni dawa ya moyo! Digoksini, inayotolewa hospitalini hadi leo kwa wagonjwa wa moyo, hutoka kwenye ua jingine la bustani, la Ulaya, na daktari Mwingereza William Withering aliandika kitabu kizima kuhusu ndugu wa ua hilo mwaka 1785. Kinachotenganisha dawa na kifo hapo ni kipimo tu.

Na hii ya Zanzibar unaijua? John Kirk alikuwa daktari katika msafara wa David Livingstone wa Mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858. Mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu ya mishale iitwayo kombe, itokanayo na mmea mtambaao wa ukoo uleule wa waridi la jangwani. Akapiga mswaki, akasikia uchungu mdomoni, akajipima: mapigo ya moyo yameshuka! Sumu ikafika Edinburgh kwa mtafiti Thomas Fraser, na humo ikapatikana strofanthini, dawa ya moyo iliyotumika kwa miaka mingi. Kirk huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar enzi za Sultani Barghash.

Usiinuke bado, kuna panya. Afrika Mashariki tuna panya mkubwa mwenye nywele ndefu na kishungi mgongoni, ambaye hutafuna magome ya mti mwingine wa ukoo huu, ule unaotumiwa kwa sumu ya mishale Kenya, kisha hujipaka mate hayo kwenye nywele za ubavuni. Nywele hizo zina vitundu vinavyofyonza sumu ikabaki humo. Mbwa akimng'ata, mbwa ndiye anayekufa! Mwaka 2011 watafiti walieleza siri hiyo, akiwemo Jonathan Kingdon, bingwa wa wanyama wa Afrika ambaye ni mzaliwa wa Tabora.

Turudi kwenye chungu chako. Waridi la jangwani si ndugu wa waridi hata kwa mbali. Ndugu zake ni franjipani wa makaburini, oleanda, alamanda ya njano, na vinka, yale maua madogo ya pinki na meupe yanayojiotea penyewe uani. Na huyo vinka, mzaliwa wa Madagaska, usimdharau: ndani yake hutoka vinkristini, dawa inayotibu watoto wenye saratani ya damu. Ukoo mmoja, muuaji na mwokozi wamekaa pamoja.

Je, wajua kwamba huu mmea ni wa kwetu? Huota wenyewe porini kutoka Senegali, ukakatiza ukanda wa Saheli hadi Sudani, Ethiopia na Somalia, ukashuka Kenya na Tanzania, ukavuka bahari hadi Yemeni, Saudia na Omani. Pita Tsavo au Samburu wakati wa kiangazi, nchi yote imekauka, uone pinki inawaka juu ya mawe. Watu wengi huununua kwa bei kubwa wakidhani umetoka Asia!

Kosa lao lina sababu. Mabingwa wa kuuzalisha leo wako Thailand na Taiwan. Huko wamepata maua yenye petali za tabaka mbili na tatu, yenye mistari, mengine mekundu yanayokaribia weusi, wakati ua la porini lina petali 5 tu. Waindonesia nao huuita franjipani ya Kijapani, ilhali Japani haihusiki kabisa.

Aliyeuandika kwa mara ya kwanza katika sayansi ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa mtaalamu wa mimea Linnaeus, aliyekuwa katika msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Arabuni. Alifariki Yemeni mwaka 1763 kwa malaria. Wasafiri walikuwa 6, aliyerudi ni mmoja, Carsten Niebuhr, na ndiye aliyechapisha kazi ya mwenzake mwaka 1775. Jina ulilopewa mmea huo kwa Kilatini ni "obesum", yaani mnene. Hawakumficha!

Unene? Nenda kisiwa cha Sokotra, kule baharini nje ya Pembe ya Afrika. Huko kuna ndugu yake anayesimama kwenye majabali, shina limevimba, na urefu unapita mita 3. Mizizi imeingia kwenye nyufa za mawe ambamo usingedhani hata nyasi itashika. Dhofari, kusini mwa Omani, nako kuna majitu ya namna hiyo milimani. Shina lote hilo ni ghala la maji ya kiangazi.

Haya, tupande. Tunda lake hutoka mawili mawili, yamepinda kama pembe za mbuzi, na ndani yake mbegu zimepangwa kwa makumi. Kila mbegu ni kijiti chembamba chenye manyoya ya hariri pande zote mbili! Tunda likipasuka, upepo huzichukua zote kabla hujageuka. Ndiyo maana wazoefu hulifunga uzi mapema, kabla halijafunguka.

Mbegu mbichi huota haraka ajabu. Mchanga wenye joto, maji kidogo, na ndani ya wiki moja unaona vichwa vya kijani. Ua la kwanza huweza kuja baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Kwa mmea wa jangwani, hiyo ni mbio!

Tawi je? Tawi nalo linashika vizuri, lakini mara nyingi halikupi lile shina nene la kupendeza ambalo mche wa mbegu huanza nalo tangu utoto. Ukitaka umbo, panda mbegu. Ukitaka rangi fulani hasa, usitegemee mbegu, kwa sababu mtoto wa chotara hafanani na mama. Hapo wakulima hubebesha: kikonyo cha mmea wenye ua unalolitaka hufungwa juu ya shina la mwingine. Kwa njia hiyo mmea mmoja huweza kutoa maua mekundu, meupe na ya pinki kwa wakati mmoja. Wapita njia husimama!

Ile mizizi minene inayojisokota juu ya chungu, ambayo wengi huipenda kuliko hata ua, unajua inapatikanaje? Kila unapohamisha mmea kwenda chungu kipya, unaupandisha sentimita chache juu kuliko ulivyokuwa. Mizizi iliyokuwa chini ya udongo inabaki nje, inanenepa juani. Miaka michache, una mchongo.

Majani yakipukutika yote, usiulilie. Haujafa, umelala. Wakati wa ukavu au baridi huangusha majani ili kuokoa maji, na porini mara nyingi hutoa maua ukiwa hauna jani hata moja. Watu wametupa jalalani mimea mizima kabisa kwa kutolijua hili, na linaniuma kila nikilifikiria.

Adui wake mkubwa ni mapenzi ya mwenye nyumba. Maji kila siku huuozesha! Mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini, kisha ngoja udongo ukauke. Udongo wenyewe uwe wa kupitisha maji: mchanga wa mto wenye chembe kubwa, kokoto ndogo, vipande vya mkaa, pumba za mpunga zilizochomwa. Na jua lisipungue saa 6 kwa siku.

Bonyeza shina kwa kidole. Gumu? Salama. Limelegea na udongo umekauka? Lina kiu. Limelegea na udongo umelowa? Hapo ni kuoza, na unahitaji kisu leo, si kesho. Na hapa ndipo mmea huu unaponishangaza kuliko yote: unaweza kuung'oa, ukakata sehemu yote iliyooza mpaka ufikie nyama safi, ukapaka unga wa mkaa, ukauacha kivulini siku kadhaa bila udongo wala maji, kisha ukaupanda tena. Unapona! Ni mimea mingapi unayoijua inayostahimili upasuaji wa namna hiyo?

Baridi haitaki. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 huanza kuteseka, na jalidi huuua. Ndugu yangu wa Njombe au Limuru, utie ndani usiku. Wewe wa Tanga, Lamu au Bandari Abbas, starehe.

Kuna anayeula bila wasiwasi? Yupo! Kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya bluu mfano wa macho hutafuna majani ya oleanda na ya waridi la jangwani, sumu yote hiyo, na bado hunenepa. Akikua huwa nondo mwenye michoro ya kijani na pinki inayopendeza mno, na nondo hao huruka kutoka Afrika mpaka Ulaya.

Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wamekuwa wakitumia unga wa shina lake kuua wadudu wa ngozi ya ngamia na ng'ombe, na utomvu kuua chawa kichwani. Sehemu nyingine mmea huu umetumika kulevya samaki mtoni. Hayo ni maarifa ya watu walioishi nao vizazi na vizazi na kujua vipimo. Wewe usijaribu kichwani mwa mtoto!

Tukimtaja ndugu yake oleanda, sikia mawili. Bomu la atomiki lilipoangukia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, oleanda ilikuwa miongoni mwa maua ya kwanza kuchanua katika majivu, na leo ndiyo ua rasmi la mji huo. La pili: kuna kisa maarufu cha askari waliokufa kwa kuchoma mishikaki kwenye vijiti vya oleanda. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchoma soseji kwenye vijiti hivyo na kuipima, wakakuta sumu iliyoingia ni kidogo mno isiyo na maana. Hata hivyo, mishikaki yako ichome kwa vijiti vingine!

Na je, wajua kondoo anaingia wapi hapa? Mtu aliyepata sumu ya digoksini hutibiwa kwa kingamwili zinazotengenezwa kutokana na damu ya kondoo. Dawa hiyohiyo imefanya kazi Sri Lanka kwa wagonjwa waliokula oleanda ya njano. Inafanya kazi, lakini ni ghali, na hospitali nyingi hazina.

Kwa hiyo chungu kikae juu, mbali na mtoto anayetambaa, mbali na mbuzi na paka. Ukikata tawi, vaa glovu, usijiguse macho, na kisu hicho kisirudi jikoni kabla hakijaoshwa. Mtu akitafuna jani akaanza kutapika, kizunguzungu, moyo kwenda polepole, usisubiri maziwa wala dawa ya jirani: mkimbize hospitali, na chukua kipande cha mmea ili daktari ajue anapambana na nini.

Usiende kuung'oa porini. Mche wa kitaluni unatosha, na wa mbegu ndio mzuri zaidi. Panda wako msimu huu, na ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.