Kupima Mafundisho ya Wakatekumeni

Kila mwaka, mbele ya Pasaka, padri na katekista wanauliza wakatekumeni juu ya mafundisho waliyopata. Kazi hiyo ni nzito, kwani mtu anaweza kurudishwa nyuma juu ya majibu yake. Basi shurti tujue vema: tunapima nini?

Muuza chumvi anatumia mizani, mshona nguo anatumia mita. Kila kitu na kipimo chake. Ukiuliza: «Sakramenti ni nini?», unapima kumbukumbu. Ni jambo jema, lakini kasuku naye anakumbuka. Uliza tena: «Mtoto mchanga wa jirani yako Mkristu anakaribia kufa, padri yuko mbali, utafanya nini?» Anayejibu kwamba atammwagia maji kichwani na kusema: «Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu», huyo amefahamu.

Pili, angalia lugha. Mama mzee anayesema Kibemba au Mashi, ukimuuliza kwa Kiswahili akanyamaza, umepima Kiswahili chake, si imani yake. Umuulize kwa lugha ya nyumbani kwake.

Tatu, maulizo yalingane na mafundisho. Kama nusu ya masomo ilikuwa juu ya sakramenti, na maulizo yote kumi ni juu ya amri za Mungu, mtihani umeinama upande mmoja. Andika kwanza orodha ya masomo, kisha ugawanye maulizo kwa kadiri yake.

Nne, kuna mambo yasiyopimwa kwa maulizo: sala, amani nyumbani, huruma kwa maskini. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza ukatekumeni wa miaka mine, ili mwenendo wa mtu uonekane, si maneno tu. Na utaratibu wa ubatizo wa watu wazima, uliotolewa Roma mwaka 1972, unataka wasimamizi na wakatekista washuhudie maisha ya mkatekumeni kabla hajachaguliwa.

Kwa hiyo, ndugu katekista, mtu akishindwa, usiseme upesi: «Hajui». Jiulize kwanza kama ulizo lako lilikuwa la haki. Tusimfungie mlango yule ambaye Mungu amekwisha kumfungulia, wala tusimpitishe anayejua maneno matupu.