HATARI ZIWEZAZO KUTOKEA MTU ATIBIWAPO KIFUA KIKUU CHA MATUMBO

Watu wengi walisikiapo jina la kifua kikuu hudhani kwamba maradhi haya hukaa mapafuni tu. Sivyo. Vijidudu vyake, ambavyo Dr. Robert Koch wa Ujerumani alivitangaza mwaka 1882, vyaweza kushika mifupa, tezi, utando wa ubongo na hata matumbo. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Pumwani, Kaloleni, Kariobangi na Dandora, ambako mara nyingi jamaa nzima hulala katika chumba kimoja, yafaa kila mtu ayafahamu mambo haya.

Mwenye maradhi mapafuni akimeza makohozi yake, vijidudu hushuka tumboni. Njia nyingine ni maziwa ya ng'ombe mgonjwa yanywewayo bila kuchemshwa. Hukaa zaidi pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu. Mgonjwa huumwa tumbo, hupata homa, hutoka jasho usiku, hukonda, tena huharisha au hufunga choo. Dalili hizi hufanana na za maradhi mengine ya tumbo, kwa hiyo wengi hununua dawa dukani kwa miezi kadhaa kabla ya kwenda hospitali.

MATIBABU YA MIEZI SITA

Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alimeza dawa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Uchunguzi uliofanywa Afrika ya Mashariki, ambao habari zake za kwanza zilitolewa mwaka 1972, ulisaidia kuonyesha kwamba miezi sita yatosha zikitumiwa dawa zifaazo. Siku hizi kwa kawaida mgonjwa humeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne.

KOVU LIBANALO UTUMBO

Jambo la ajabu ni kwamba hatari moja huletwa na kupona kwenyewe. Kidonda cha utumbo kikipona huacha kovu, na kovu hujikunja. Utumbo hubanwa kama mpira wa maji uliofungwa kamba katikati. Basi mtu ambaye homa imekwisha na mwili umeanza kurudi, huweza kuanza kusokotwa na tumbo kila alapo. Tumbo hujaa na kunguruma, hutapika, wala hapati choo wala upepo. Huo si ushahidi kwamba dawa hazifai, wala si kazi ya mchawi. Ni njia ya chakula iliyoziba, na mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Pengine itabidi apasuliwe ili kipande kilichobanwa kiondolewe.

Mara chache utumbo hutoboka. Maumivu huja ghafula, makali sana, na tumbo huwa gumu kama ubao. Hapo kuchelewa ni kifo. Mgonjwa wa namna hizi mbili asipewe haluli kamwe, kwani humzidishia hatari. Kadhalika damu katika choo yataka daktari mara moja.

Wengine, hasa wenye virusi vya UKIMWI walioanza dawa zake karibuni, huona homa ikirudi na tezi zikivimba baada ya kuanza matibabu. Mara nyingi ni nguvu za mwili zilizoamka na kupigana na vijidudu. Hata hivyo ni daktari tu awezaye kupambanua jambo hilo.

TAABU ZA DAWA ZENYEWE

Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa si ugonjwa. Ni rangi ya dawa. Lakini macho yakiwa ya manjano, hamu ya chakula ikatoweka na kutapika kukazidi, huenda ini limedhurika, na anywaye pombe yumo katika hatari kubwa zaidi. Miguu ikiwaka moto au kufa ganzi, kuna vitamini ya kuzuia taabu hiyo. Macho yakiona ukungu, habari itolewe upesi. Mwanamke atumiaye vidonge vya kupanga uzazi amwambie muuguzi, kwa sababu dawa moja hupunguza nguvu zake.

Nairobi yenyewe ilipata fundisho kubwa. Mwaka 1991 gazeti la madaktari la Lancet lilitoa habari za uchunguzi uliofanywa mjini humo. Ilionekana kwamba dawa ya thiasetazoni iliwababua vibaya ngozi wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI, na wengine walikufa. Dawa hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine. Kama taabu hizo zingalifichwa, watu wengi zaidi wangalipotea.

LA KUFANYA

Mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, ama kwa kuona amepona, ama kwa kuona taabu. Vijidudu vilivyopigwa nusu hujifunza kushindana na dawa, na tiba ya pili huwa ngumu zaidi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika zahanati na hospitali za Serikali. Yampasa mgonjwa kurudi huko kila aonapo badiliko, na jamaa zake wamsindikize, wala wasingoje mpaka asubuhi ikiwa tumbo limeziba usiku.