Mtoto wa German Shepherd: Pesa ya Kipimo Iende Wapi?

Bonasi ya majani chai ikishaingia, hela haikai. Ada ya shule, mabati, deni la dukani, na kwa wengi hapa Kapsoit, mbwa wa kulinda boma. Anayetajwa kwanza ni German Shepherd. Muuzaji naye anajua una pesa mkononi, kwa hiyo ukiona tangazo linasema wazazi "wamepimwa DNA" na bei imepandishwa kwa sababu hiyo, usitume kitu kabla ya kujua unachouziwa.

Bei kwanza. Mtoto asiye na karatasi huuzwa kama shilingi 15,000 hadi 30,000. Mwenye karatasi za East Africa Kennel Club huanzia kama 40,000 na anaweza kufika 80,000. Mbwa wa kienyeji utapewa na jirani bure, au kwa elfu moja, mbili.

Karatasi za ukoo zinakuambia baba ni nani na babu ni nani. Hazikuambii kama babu aliishia kuburuta miguu. Mtu akikuuzia karatasi kama cheti cha afya, anakupunja.

Ukija kwa DNA, ugonjwa wa kuuliza kwa German Shepherd ni ule wa uti wa mgongo kuoza polepole. Mbwa huonekana mzima kabisa mpaka uzeeni, mara nyingi miaka minane au zaidi, kisha miguu ya nyuma inalegea bila maumivu, na ugonjwa wenyewe hauna tiba. Jeni yake inajulikana tangu 2009. Mtoto hupata nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala mbili mbovu ndiye aliye hatarini, ingawa si wote wanaougua. Mwenye moja ni mbebaji tu: yeye kwa kawaida haugui, lakini anaweza kuipitisha.

Hapo ndipo pa kuokoa pesa. Baba akiwa safi, hakuna mtoto wake atakayepata nakala mbili mbovu, hata mama awe hajapimwa. Kwa hiyo usilipie kipimo cha mtoto, dai majibu ya baba. Kipimo cha ugonjwa mmoja katika maabara za Marekani ni kama dola 50 hadi 65, yaani shilingi 6,500 hadi 8,500 dola ikiwa 130. Kupima watoto wanane ni zaidi ya 50,000. Kupima dume mmoja anayepanda majike wengi ni hiyo 6,500, mara moja tu maishani mwake, kwa sababu jeni haibadiliki.

Bei hiyo lakini si yote. Kifurushi cha haraka kwenda ng'ambo kinaweza kugharimu sawa na kipimo chenyewe au kukizidi. Benki inakata yake ukilipa kwa dola. Ukitaka majibu ambayo mnunuzi mwingine atayaamini, daktari wa mifugo achukue sampuli mwenyewe na kuandika namba ya chipu, na chipu nayo inalipiwa. Halafu sampuli ikiharibika unaanza upya: kijiti husuguliwa ndani ya shavu, na mdomo ukiwa na chakula, au mtoto akiwa ametoka kunyonya, maabara inaweza kukosa cha kusoma au kusoma chembe za mama.

Kuna pia vifurushi vikubwa vya dola 100 hadi 200 vinavyopima magonjwa zaidi ya mia mbili. Kwa mnunuzi wa Kapsoit naona ni hasara. Mengi ya magonjwa hayo ni ya jamii nyingine za mbwa, na unalipia orodha ndefu ya "hana".

Tatizo linalokusumbua mapema zaidi ni nyonga, na hilo DNA haikusaidii. Nyonga mbovu hutokana na jeni nyingi pamoja na lishe, uzito na mazoezi, kwa hiyo hakuna kipimo kimoja cha mate kinachotoa jibu. Kinachotakiwa ni eksirei ya wazazi, mbwa akiwa amelazwa chali na mara nyingi kwa dawa ya usingizi. Marekani cheti cha mwisho cha nyonga hakitolewi kabla mbwa hajafikisha miezi 24, kwa hiyo ukionyeshwa "cheti" cha mbwa wa miezi minane, cheka kidogo ukaendelea na safari yako.

Eksirei si rahisi kupatikana. Agrovet inauza dawa, mashine haina. Piga simu kliniki za Kericho na Nakuru kwanza. Zikikosa, kuna Kitivo cha Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, zaidi ya kilomita 250. Matatu haitabeba German Shepherd mzima kwa nauli ya abiria, kwa hiyo hesabu gari la kukodi juu ya picha na dawa ya usingizi. Muuzaji aliyefanya yote hayo kwa wazazi ana haki ya kuomba elfu kumi zaidi, na mimi ningempa.

Asipokuwa na eksirei, nenda uangalie mwenyewe, bure. Mwambie mwenye mbwa amwite baba akiwa amelala. Anayeinuka kwa kujivuta kwa miguu ya mbele, au anayekimbia huku akirusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja, mwache. Kama kuna bibi wa ukoo huo, shika mguu wake wa nyuma uutazame: kucha zilizosagika upande wa juu na vidole vilivyochubuka ni mguu unaoburuzwa.

Ajabu ni kwamba mkulima anayenunua mbwa bila kuuliza habari za baba yake hapandishi ng'ombe wake wa Ayrshire bila kuuliza jina la dume na maziwa ya mama yake.

Kama unataka kelele usiku tu, wa kienyeji anakutosha. Amezoea baridi na mvua zetu, anakula ugali wa mabaki, na unachobaki nacho kinatosha chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala kwa mbwa yeyote, na kwa mtoto ongeza ya parvo, ugonjwa unaoua haraka kuliko jeni yoyote niliyotaja hapa.

Ukiamua German Shepherd na pesa ni kidogo, chukua asiye na karatasi ambaye baba yake umemwona akitembea na majibu yake umeyasoma. Linganisha namba ya chipu iliyo kwenye majibu na ile inayosomwa shingoni mwa mbwa. Kliniki nyingi zenye kisomeo hufanya hivyo dakika moja. Namba zisipofanana, au mwenyewe akikataa mbwa asomwe, usitume hata nusu ya pesa.